Nani Anastahili Kufa Jukwaani?

Tanzia za kale zina sheria moja ambayo ni nadra kuandikwa ubaoni, pengine kwa sababu kila mtu ameizoea: anayeanguka lazima awe amesimama juu. Oedipus ni mfalme. Antigone ni binti wa mfalme. Lear ni mfalme, Hamlet ni mwana wa mfalme, Macbeth ni jemadari anayeupata ufalme kwa kisu. Hata Othello, ambaye wengi wetu tunampenda kwa kuwa ni mtu mweusi kati ya Wazungu wa Venisi, ni jemadari, na mwenyewe anadokeza kwamba ana damu ya kifalme. Seremala hafi jukwaani kwa taadhima. Akifa amekufa, mchezo unaendelea.

Aristotle ndiye aliyetuwekea maneno haya, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Shujaa wa tanzia, alisema, awe mtu mwenye jina na neema kubwa. Asiwe malaika wala shetani. Aporomoke kwa sababu ya kosa fulani, siyo kwa uovu. Sisi tumekariri. Mtihani ukiuliza "Jadili sifa za shujaa wa tanzia" tunaziorodhesha, tunachukua alama zetu, tunakwenda kula. Swali la tabaka hatuulizi. Kwa nini lazima mtu mwenye jina? Ina maana maumivu ya mpishi ni madogo kuliko ya bosi wake? Jibu la kawaida ni kwamba mfalme akianguka nchi nzima inatikisika, na anguko la kutoka juu linaonekana kwa mbali. Ni jibu zuri. Mimi naona halitoshi, na naona sisi tunaosoma Tabora tunao ushahidi wa kulijaribu kuliko watu wengi.

Nianze na Oedipus, kwa kuwa yupo kwa Kiswahili. Samuel Mushi alitutafsiria mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Kabla ya hapo alikuwa ameshatupa Makbeth (1968) na Tufani (1969). Hadithi unaijua. Mtoto alitabiriwa kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake, akatolewa akatupwe mlimani afe, hakufa, akakua, akayafanya yote hayo bila kujua. Tunamlilia. Sawa. Lakini hebu rudi nyuma kidogo: kwa nini hakufa? Kwa sababu mchungaji aliyepewa kazi ya kumtupa alimwonea huruma, akampa mchungaji mwenzake wa nchi nyingine. Mchungaji huyu ni mtumwa wa nyumba ya mfalme. Hana jina. Tanzia nzima aliibeba mikononi mwake, ikiwa kitoto kichanga chenye vifundo vya miguu vilivyotobolewa. Uzeeni analetwa mbele ya mfalme aseme anachokijua. Anasita, kwa sababu anajua kitakachofuata. Mfalme anaamuru akunjwe mikono nyuma mpaka aseme.

Tazama mizani ilivyo hapo. Mtumwa alivunja amri kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoleta maangamizi yote. Mtu mwema, kosa lisilo na uovu, matokeo ya kutisha: kwa kipimo cha Aristotle mwenyewe mchungaji anafaulu vizuri tu. Anachokosa ni cheo. Akishasema maneno yake anaondoka, na kuanzia hapo machozi yote ni ya mfalme.

Shakespeare alikuwa mjanja zaidi kidogo. Tamthilia ya Julius Caesar haifunguki kwa Kaizari. Inafunguka barabarani, kwa seremala na fundi viatu walioacha kazi ili wakashangilie. Wakubwa wawili wanawasimamisha na kuwakemea: mbona mnatembea siku ya kazi bila alama za ufundi wenu? Kwa lugha ya leo, kitambulisho kiko wapi? Fundi viatu anawajibu kwa mafumbo na utani mpaka wanapandwa na hasira. Ni dakika chache tu. Mafundi wanatawanywa, na tukiwaona tena watu wa aina yao hawana ufundi wala utani, ni umati. Umati unamshangilia Brutus, muda si mrefu unamshangilia Antony, unasikia kwamba Kaizari amemwachia kila raia drakma 75 kwenye wasia, unakimbilia kuchoma nyumba, njiani unamrarua mshairi Cinna kwa sababu jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Kwa hiyo mtu wa chini ana nafasi mbili. Akiwa peke yake ni mchekeshaji. Wakiwa wengi ni janga.

Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hii, ikatoka mwaka 1963 akiwa Rais. Akaifanyia marekebisho, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Kuhusu hilo neno "mabepari" watu wa fasihi wameshasema sana: Shakespeare alimtaja mfanyabiashara, tena mmoja, Mwalimu, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akatuletea mabepari, wengi.

Mimi kinachonivuta zaidi ni ule mwaka 1963. Mwalimu alisoma hapa Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, kwenye shule ya serikali iliyofunguliwa miaka ya 1920 ikiwalenga hasa watoto wa machifu. Na yeye alikuwa mtoto wa chifu, Nyerere Burito wa Wazanaki. Baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's, hapahapa mjini. (Wakati huo alikuwa keshabatizwa Julius. Hilo tuliache.) Basi mwaka 1963 serikali yake ikafuta utawala wa machifu kisheria. Yaani katika mwaka mmoja mtoto wa chifu, aliyepikwa kwenye shule ya watoto wa machifu, anawaondoa machifu, halafu anatupa kwa Kiswahili mchezo wa watu wanaomuua rafiki yao kwa kuhofia kwamba atakuwa mfalme. Sisemi hili lilizaa lile. Nasema tu kwamba Tanganyika haikuhitaji visu, ilikuwa na Bunge.

Na aliyeachwa bila kiti hakuwa mtu wa kubuni. Abdallah Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa pia waziri katika serikali hiyo. Mwaka huohuo alijiuzulu uwaziri. Hakufa kwa huzuni, alikuja kuonekana tena kwenye siasa za vyama vingi miaka ya 1990. Hata hivyo ukimwambia mwanafunzi wa sanaa za maonyesho aandike tanzia ya Tabora, nina hakika ataanzia kwake, au atarudi nyuma zaidi kwa watemi wa karne ya 19. Ndivyo tulivyofundishwa kuona.

Watemi hao kweli wana kila kitu. Mnywa Sele alirithi Unyanyembe alipofariki Fundikira wa kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1850. Alikuwa na wazo ambalo mtawala yeyote angekuwa nalo: wafanyabiashara Waarabu waliojenga Tabora walipe ushuru wa mali inayoingia. Njia nzima ya misafara ilikuwa inalipiwa. Kutoka pwani hadi huku, hasa Ugogo, msafara ulitoa hongo kwa kila mtawala mwenye nguvu ya kuuzuia. (Ndiyo, hongo. Neno hilo lilikuwa ushuru wa njia, wa wazi kabisa, kabla halijawa bahasha ya chini ya meza.) Wafanyabiashara wakashika bunduki, wakamng'oa, wakamweka Mkasiwa. Mnywa Sele akatangatanga miaka kadhaa, akivizia na kuikata njia ileile aliyotaka kuitoza, mpaka akauawa katikati ya miaka ya 1860.

Baada ya Mkasiwa akaja Isike. Huyu Wajerumani walimshambulia mwaka 1892 ngome yake ikawashinda. Januari 1893 akaja Tom von Prince. Ngome ilipovunjwa Isike aliingia kwenye ghala la baruti akajilipua. Hakufa papo hapo. Walimkuta bado anapumua, wakamtundika mtini.

Hakuna mwandishi wa tanzia ambaye angeweza kuomba mwisho mkubwa kuliko huo. Na sitaki kumpunguzia Isike hata chembe. Mtu aliyekataa kutekwa akiwa hai hahitaji kutetewa na mwanafunzi. Lakini soma tena habari ya Mnywa Sele. Alianguka kwa sababu ya nini? Kiburi? Wivu? Unabii wa mizimu? Alianguka kwa sababu ya hesabu ya mali. Ugomvi ulikuwa juu ya shehena: vitambaa vya merikani, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti vikija bara, pembe za ndovu zikienda pwani. Shehena hiyo haikutembea yenyewe. Ilikuja juu ya vichwa na mabega ya watu.

Hapo ndipo sheria ya Aristotle inapoanza kunikera. Enzi nzima ya Unyanyembe, ya Waarabu wa Tabora, ya Mirambo kule Urambo aliyeitia njia hii kwenye moto tangu 1871, ilisimama juu ya wapagazi. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800. Kwa mguu na mzigo ilikuwa safari ya miezi miwili, mitatu, kutegemea mvua, vita na hongo. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi kidogo. Mbele alikwenda kirangozi na bendera na ngoma yake; nyuma yake mstari mrefu, na ndani ya mstari huo wanawake na watoto pia. Wanyamwezi walikuwa mafundi wa kazi hii na waliionea fahari. Walipatana ujira, waligoma, walitoroka mwenye msafara akiwapunja posho. Kijana ambaye hajaiona pwani alihesabiwa bado hajakua. Tusiwafikirie kama ng'ombe wa mizigo. Walikuwa wafanyakazi, na walijua bei yao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi hiyo ya safari ndefu ilianza kufa. Vita ya Kwanza ikaja kuwabebesha tena watu kwa maelfu, safari hii kwa lazima, na wakafa kwa maelfu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wabeba mizigo.

Sasa, kuna hoja nzito dhidi yangu, na haifai kuikwepa. Mtu atasema: tanzia siyo mateso. Mateso yapo kila mahali. Tanzia inahitaji mtu aliyesimama njia panda na kuchagua, akijua gharama. Mfalme anaweza kuchagua, ndiyo maana anawekwa jukwaani. Mpagazi anaamriwa. Ukimweka yeye utapata huzuni, hutapata tanzia. Hoja hii nimeisikia darasani na kwenye mabenchi ya kantini, na kwa muda mrefu sikuwa na la kuijibu zaidi ya hasira.

Jibu lipo Kwihara, kilomita chache kutoka hapa mjini, pale wengi tulipokwenda kwenye ziara ya masomo tukapiga picha mbele ya tembe la Livingstone na kurudi.

Livingstone alikufa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu aliokuwa nao waliamua jambo ambalo hakuna aliyewaamuru. Walitoa moyo na viungo vya ndani wakavizika hapo chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti, wakaanza kuubeba kwenda baharini. Walioongoza walikuwa Susi na Chuma. Susi alitoka Shupanga kwenye mto Zambezi. Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Alikuwamo Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na wamisionari India, aliyechonga jina la marehemu kwenye mti. Alikuwamo Halima, mpishi. Kwa kusema haki, viongozi hawa hawakuwa wapagazi wa kukodi wa Kinyamwezi. Walikuwa watumishi wa miaka. Lakini kwa ngazi za wakati ule walikuwa chini kabisa, na wengi waliokuwa wakipokezana mzigo walikuwa chini yao.

Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe. Hapo Kwihara wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyetumwa kumtafuta na kumsaidia Livingstone. Cameron aliwapa ushauri wenye akili. Njia ya mbele ni ya hatari, hasa Ugogo, na watu wa njiani hawatataka maiti ipite kwao. Na je, huenda marehemu mwenyewe angependa kuzikwa katika bara hili ambako mkewe amezikwa? Mzikeni hapa.

Wakakataa.

Wanaoijua Antigone watashtuka kidogo hapa, maana ni mchezo uleule umegeuzwa nje ndani. Antigone anataka kuzika maiti ya kaka yake. Creon, mwenye madaraka, anakataza. Kwihara mwenye madaraka anasema zikeni, na walio chini wanasema hapana. Mwili uleule katikati. Swali lilelile: nani ana haki ya kuamua maiti ilale wapi, mwenye cheo au mwenye wajibu? Cameron hakuwa mkatili kama Creon, na hilo linafanya mgongano uwe mzuri zaidi kwa jukwaa, kwa sababu hoja zake zilikuwa na maana. Kukubali kungekuwa rahisi. Wangepumzika. Hakuna ambaye angewalaumu. Mzungu mwenyewe kasema. Baadhi ya wenzao walikuwa wameshakufa njiani. Walichagua kuendelea wakijua gharama, mbele ya mtu ambaye ilikuwa kawaida kumtii. Kama huko siyo kusimama njia panda na kuchagua, basi mimi sijui njia panda ni nini.

Lakini angalia jina walilopewa baadaye. Vitabu vya Waingereza vya wakati ule viliwaita watumishi waaminifu. Neno lina sifa, sikatai. Ila hakuna anayemwita Antigone "dada mwaminifu" kisha akafunga kitabu. Yeye tunamchambua: dhamiri yake, kiburi chake, mapenzi yake ya kifo, siasa yake. Uaminifu ni sifa tunayompa mtu ambaye hatutaki kuamini kwamba alifikiri. Mbwa pia ni mwaminifu.

Na mwisho wao ni wa kimya, kimya cha kuumiza. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Afisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza wa Zanzibar akawalipa mishahara yao, wakaambiwa kazi imekwisha. Mwili ukapanda meli. Aprili 18, 1874 ukazikwa Westminster Abbey, na kati ya wale wote waliotembea miezi karibu tisa aliyekuwapo kaburini ni Jacob Wainwright, tena kwa kulipiwa nauli na wamisionari. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yameshapita, wakasaidia kueleza safari ya mwisho ili kitabu cha marehemu kikamilike. Kwa maneno ya tamthilia za kale, walipewa nafasi ya tarishi: yule anayekuja jukwaani mwishoni, anasimulia jinsi mkubwa alivyokufa, anatoka.

Sidai kwamba mimi ndiye wa kwanza kuichoka sheria hii. Mjerumani Georg Büchner alipofariki mwaka 1837 aliacha tamthilia ambayo haijakamilika, Woyzeck, kuhusu askari fukara anayemnyoa kapteni wake na kukubali kulishwa njegere tupu na daktari wa majaribio ili aongeze senti mbili, mpaka akili inamruka anamuua mama wa mtoto wake. Arthur Miller wa Marekani mwaka 1949 aliandika makala akidai kwamba mtu wa kawaida anaifaa tanzia sawasawa na mfalme, mwaka uleule aliompandisha jukwaani mchuuzi Willy Loman. Kwetu, Ebrahim Hussein mwaka 1969 alituandikia Kinjeketile. Kinjeketile siyo mtemi. Ni mtu wa Ngarambe anayepandishwa juu na imani ya watu, kisha anaiogopa imani hiyohiyo aliyoiwasha. Mwishoni yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu anajua neno lake litawafikia watoto ambao hawajazaliwa. Kwangu hiyo bado ndiyo tanzia kubwa ya Kiswahili, na sababu mojawapo ni kwamba shujaa wake hakuanza na kiti.

Ila kwenye majukwaa yetu ya wanafunzi somo hilo naona halijafika. Onyesho la chuo likipangwa, kitu cha kwanza kutafutwa ni ngozi ya chui ya kuazima na usinga. Kisha anatafutwa mwenye sauti nzito awe mtemi. Waliobaki tunakuwa "watu". Mimi nimewahi kuwa Mpambe wa Pili. Nilikuwa na sentensi moja, "Mtemi, wageni wamefika," na nilibeba sanduku tupu kwa namna ambayo hadhira nzima iliona kwamba ni tupu.

Halafu jiulize ni nani waliokaa kwenye hadhira. Wengi wetu siyo watoto wa machifu. Ni watoto wa wakulima wa tumbaku wa Urambo na Sikonge, wa mama lishe, wa makuli wa stesheni, wa mafundi cherehani. Boom likichelewa wiki mbili tunaanza kuhesabu chapati. Mtemi akipoteza kiti tunaita tanzia. Mkulima akipoteza msimu mzima kwa bei aliyopangiwa na wengine, akauza shamba, mwanaye akarudi nyumbani kabla ya mwaka wa pili, tunaita hali ngumu. Majina haya mawili hayana tofauti ya uzito wa maumivu ndani yake. Tofauti ni ya tabaka, na tunaiendeleza sisi wenyewe kila tunapochagua nani apewe mazungumzo marefu.

Simaanishi tuandike michezo ya watu maskini wanaolia. Hiyo tunayo ya kutosha kwenye runinga, na haimheshimu mtu yeyote. Namaanisha tumpe mtu wa chini kitu cha kuchagua, tumpe mpinzani mwenye hoja nzuri, tumwache akosee kwa akili zake mwenyewe. Fundi viatu wa Roma alikuwa na ulimi wa kutosha kubeba vitendo vitano. Mchungaji wa Edipode alikuwa na siri ya miaka mingi kifuani. Shida haikuwa uwezo wao.

Na kama kuna anayetafuta pa kuanzia, safari ile haikuishia Kwihara. Hatua chache mbele, mahali palipoitwa Kasekera, msafara ulipata habari kwamba watu wa mbele hawataruhusu maiti kupita, sawasawa na alivyotabiri Cameron. Wakafanya nini? Wakacheza mchezo wa kuigiza. Wakautoa mwili kwenye gome lake, wakaufunga upya ukawa na umbo la robota la kitambaa kama marobota mengine. Halafu wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa urefu wa mtu na kuyavisha sanda. Wanaume sita wakaibeba hiyo maiti ya mabua mchana kweupe, kwa huzuni yote inayotakiwa, wakirudi Unyanyembe eti kwenda kumzika. Watu wakaona, wakaridhika.

Fikiria namna ya kuliweka hilo jukwaani hapa chuoni. Hakuna ngozi ya chui. Kuna watu sita wanaomlilia mtu ambaye hayumo, na upande wa pili wa jukwaa robota moja kati ya marobota, likiwa na yule wanayemlilia kweli, na mtu amelikalia akijifanya amechoka tu. Usiku ulipoingia wale sita waliacha njia wakaingia porini, wakaanza kuyatupa mabua moja hapa, moja kule, na vitambaa vya sanda mahali pengine, kisha wakarudi kwa wenzao mmojammoja kila mtu kwa njia yake.